Kamongo Hakuachwa Steji

Oda iliingia saa nne usiku: kurasa sita, ziwe tayari kufikia alfajiri. Mwanafunzi wa chuo fulani Marekani alitakiwa kueleza kwa nini samaki anayeitwa Tiktaalik anahesabiwa kuwa kiumbe cha mpito kati ya samaki na wanyama wa nchi kavu. Mimi ndiye niliyeeleza.

Kwa wasioijua kazi hii: ukitoka Roysambu ukapita Ruiru na Juja mpaka Thika, kuna vyumba vingi ambavyo taa hazizimwi, kwa sababu mchana wa Marekani ndio usiku wetu, na ndani kuna kijana anayeandika asaimenti ya mtu ambaye hatawahi kumwona. Mimi nilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikitafuta karo. Mwaka wa tatu karo ikaishinda kazi, nikaacha chuo nikabaki na kazi. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria ya mikataba, Shakespeare, na mitaro ya maji taka ya miji ambayo siwezi kukuonyesha kwenye ramani. Nyingi nimezisahau kabla hata pesa haijaingia. Hii ya samaki ilikataa kutoka kichwani.

Kilichonishika kwanza ni jinsi alivyotafutwa. Nilikuwa nadhani visukuku hupatikana kwa bahati, mtu anajikwaa kwenye jiwe anapiga kelele. Lakini Neil Shubin, Ted Daeschler na Farish Jenkins walianza na hesabu. Kwenye miamba ya miaka kama milioni 385 walijua kuna samaki walio samaki kabisa. Kwenye ile ya miaka milioni 365 tayari kuna wanyama wenye miguu minne. Basi anayetakiwa yuko katikati, na kwa kuwa aliishi kwenye mito na vijito, lazima atafutwe kwenye mwamba uliotokana na matope ya mto, wa umri huo, ulio wazi, usiofunikwa na msitu wala mji. Ramani ikawaelekeza kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, baridi isiyo na huruma. Walianza kutafuta huko kaskazini mwaka 1999, wakarudi mara kadhaa karibu mikono mitupu, na mwaka 2004 wakaona pua bapa imetokeza kwenye ukingo wa mwamba. Jina Tiktaalik lilitoka kwa wazee wa Inuit wa eneo hilo. Kwa lugha yao ni samaki mkubwa wa maji baridi. Mwaka 2006 ulimwengu ukatangaziwa.

Ana magamba na mapezi. Lakini kichwa chake ni bapa kama cha mamba, macho yako juu, na ana shingo, kitu ambacho samaki hana. Jaribu kumgeuza tilapia kichwa bila kugeuza mwili mzima, haiwezekani, kwa sababu mifupa ya kichwa imeunganishwa na ya bega. Huyu angeweza kugeuka akakutazama. Na ndani ya pezi lake la mbele kuna mfupa mmoja wa juu, miwili inayofuata, kisha vijifupa vidogo vya kifundo cha mkono. Ulivyo mkono wako unaoshika simu hii.

Saa tisa usiku nilikuwa nimeshika kifundo changu cha mkono kwa mkono mwingine, nakizungusha. Oda ilikuwa imebaki kurasa mbili.

Miaka milioni 375 ni namba isiyo na maana mpaka uiweke barabarani. Mimi niliiweka kwenye Thika Road. Kila mita mia moja iwe miaka milioni moja, halafu uanze kutembea kutoka steji ya Thika kuelekea Nairobi. Binadamu wa aina yetu, hata tukihesabu wale wa kale kabisa, anaishia mita thelathini hivi. Bado makanga anakuvuta mkono uingie gari lake. Mvulana wa Turkana, ambaye kundi la Kamoya Kimeu lilimpata mwaka 1984 na ambaye sote tulikaririshwa shuleni, yuko mita mia na hamsini. Dinosari wa mwisho wanakufa kabla hujafika Juja. Ruiru, ninapoishi mimi, ndio kwanza dinosari wanaanza kuwa wakubwa. Unaendelea: Kahawa, Githurai, Roysambu, Allsops, miguu imekufa ganzi. Tiktaalik anakungoja maeneo ya Muthaiga. Na sisi Wakenya tunaojiita chimbuko la binadamu, fahari yetu yote ya visukuku ipo hapo steji, haijatoka hata getini.

Ploti ninayokaa imejengwa kwa mawe ya Ndarugo, kama ploti zote za huku. Kwa wiki nzima baada ya ile oda nilikuwa nakagua kuta za ngazi nikipanda na ndoo ya maji, nikitafuta hata ganda la konokono. Keateka aliniuliza kama nimepoteza kitu. Hakuna kitu mle. Jiwe la Ndarugo ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, na lina umri wa miaka milioni chache tu. Likitokea kwenye kwari za Juja bado ni mtoto. Kwa umri wa samaki wetu ni lazima uchimbe kwingine.

Afrika hata hivyo imo kwenye hadithi hii, na imeingia kwa njia ambayo mtu wa Thika Road ataielewa: ujenzi wa barabara. Huko Afrika Kusini, karibu na mji unaoitwa sasa Makhanda, walikuwa wakikata kilima wapitishe barabara kuu. Mtafiti Robert Gess aliokoa tani nyingi za mawe meusi yaliyokuwa yaondolewe, akaanza kuyafunua tabaka baada ya tabaka kwa miaka mingi. Mwaka 2018 yeye na Per Ahlberg walitangaza wanyama wawili wa miguu minne wa miaka kama milioni 360, wa kwanza wa kipindi hicho kupatikana Afrika. Mmoja wamemwita Tutusius, kwa heshima ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Kabla yao, karibu kila kisukuku cha aina hiyo kilikuwa kimetoka sehemu zilizokuwa na joto, karibu na ikweta ya wakati huo. Hawa waliishi ndani ya mzingo wa Antaktiki. Ikabidi wazo kwamba mambo haya yalitokea kwenye joto peke yake litazamwe upya. Yote kwa sababu mtu mmoja alikataa mawe yaende kujazwa shimoni. Sisi tulipojengewa superhighway kati ya 2009 na 2012, tulikata kilima kingi pia. Huko chini ni majivu yale yale, najua. Bado huwa natazama ukutani gari likipita.

Sasa, kuhusu ile picha. Unaijua: samaki anachungulia nje ya maji, wa pili ametoa mikono, wa tatu anatembea, wa nne ana manyoya, na mwisho kuna mwanamume, siku zote mwanamume, anaondoka kwenda kazini. Biolojia ya kidato cha nne niliisoma kwa kichwa chenye picha hiyo. Maelezo yaliyoandamana nayo ni kwamba madimbwi yalikauka, samaki wakajikokota kutafuta maji mengine, ndipo miguu ikatokea.

Jenny Clack, mwanamke wa Cambridge, ndiye aliyeivuruga zaidi. Mwaka 1987 alirudi kutoka Greenland na mifupa ya Acanthostega, mnyama wa miguu minne kweli kweli, mwenye vidole. Vidole vinane kila mkono. Lakini alikuwa bado na matamvua ya kupumulia majini, na mikono ile haikuweza kubeba uzito wake nchi kavu. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Miguu ilitangulia, safari ikafuata baadaye. Miguu ilikuwa ya kusukumia majani na matope majini, kama mtu anayetembea ndani ya mto wenye magugu. Mapafu nayo ni ya zamani kuliko miguu. Hakuna aliyekuwa anajiandaa kutoka. Halafu mwaka 2010, Poland, zikatangazwa nyayo kwenye mwamba wa miaka kama milioni 390, za zamani kuliko Tiktaalik mwenyewe. Wanasayansi bado wanavutana kuhusu nani alizikanyaga. Kwa hivyo Tiktaalik huenda si babu. Ni kama mjomba wa babu, aliyebaki na sura ya ukoo.

Niliandika haya yote kwenye ile oda. Kisha, kwa kuwa bado kulikuwa na nusu ukurasa wa kujaza, nikaongeza aya kuhusu kamongo. Mteja aliirudisha asubuhi: toa sehemu ya Afrika, haihusiani na swali. Nikaitoa, nikalipwa. Tangu hapo nina aya isiyo na kwao.

Ruiru, karibu na soko, kuna mama anayeuza samaki. Wote tunamwita Mama Akinyi. Kila siku ana omena, mbuta na ngege. Siku moja moja, mzigo wake ukitoka Kisumu na bahati, ana kamongo: vipande vinene vilivyokaangwa, nyama yake inaelekea wekundu, mafuta yanameremeta. Ukimwona mzima kabla hajakatwa utaapa ni nyoka aliyenenepa. Mapezi yake yamekuwa kama kamba, nyuzi nne zinazoning'inia. Anaweza kufika karibu mita mbili na anauma. Wavuvi wa ziwani humheshimu.

"Huyu ukimfungia chini ya maji anakufa," Mama Akinyi aliniambia akikata. "Samaki anakufa maji, umewahi kusikia wapi?"

Ni kweli tupu. Kamongo ana mapafu mawili na ni lazima apande juu kuvuta hewa. Matamvua yake peke yake hayamtoshi. Mtoto wake hutoka na matamvua ya nje yaliyochanua shingoni, kama ya kiluwiluwi. Baba hubaki kulinda kiota. Na watafiti wa Chicago walionyesha mwaka 2011 kwamba jamaa yake wa Afrika Magharibi, akiwa majini, hutembea kwa yale mapezi ya nyuma yanayofanana na kamba, mguu mbele mguu nyuma, akijiinua kutoka sakafuni.

Majina yake yamenipa raha ya pekee. Kamongo ni Kijaluo, na ndilo Wakenya wengi wanalotumia. Kwa Kiswahili cha kamusi ni kambare-mamba. Ukivuka kwenda Uganda, kwa Kiganda anaitwa mamba tu, na kuna ukoo mkubwa wa Baganda unaobeba jina hilo na wasiokula nyama yake, kwa maana ndiye mwiko wao. Mswahili akisikia "sisi ni wa ukoo wa mamba" anafikiria meno. Miongoni mwa Baganda pia wanawake kwa desturi walikuwa hawamli. Wengine walimwita samaki dada. Nilipomwambia Mama Akinyi hilo alicheka. "Nyathina, mimi nasomesha watoto na dada yangu, basi."

Ajabu ni kwamba neno hilo, dada, liko karibu na ukweli kuliko walivyodhani. Mwaka 2013 wanasayansi waliosoma jenomu za samaki hawa wa kale walithibitisha kwamba, kati ya samaki wote walio hai, jamii ya kamongo ndiyo iliyo karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Soma tena polepole: kamongo ana undugu wa karibu na chura, kuku, ng'ombe na wewe kuliko alio nao na ngege aliyelala naye kwenye karai moja. Ndugu yao wa Amerika Kusini alisomwa mwaka 2024, na jenomu yake ina herufi bilioni 91, mara thelathini ya yetu. Kwa malipo ya kurasa, huyo mmoja angeninunulia ploti Juja.

Walimwengu walimjua kamongo kabla ya mteja wangu kumkataa. Daktari Homer Smith wa New York alikuja Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchunguza figo za kamongo. Alitaka kujua mnyama anaishije bila maji na sumu ya mwili wake haimuui. Maji yakikauka, jamii hii hujichimbia kwenye matope, hujikunja mkia juu ya kichwa, hutoa ute unaokauka ukawa kifuko kama karatasi ya kaki, na kuacha tundu la hewa. Hapo hulala. Mapigo ya moyo yanashuka, anakula misuli yake mwenyewe polepole, na ile sumu anaibadilisha kuwa urea na kuihifadhi mwilini mpaka mvua. Maabara zimewahi kuwaweka hivyo kwa miaka. Smith akaandika kitabu mwaka 1932, akakiita kwa Kijaluo: Kamongo. Ni mazungumzo ya mwanasayansi na padri melini, wakibishana kuhusu mageuko na Mungu.

Ubishi huo tumewahi kuufanya hapa bila meli. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, viongozi wa makanisa ya kievanjelisti, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele, walitaka visukuku vya binadamu visipewe nafasi ya heshima. Richard Leakey akapinga kwa ukali wake uliojulikana. Milango ilipofunguliwa tena mwaka 2008, mifupa ilikuwa pale. Mathe wangu wa Makongeni, Thika, anafundisha watoto kanisani Jumapili na katika hilo yuko upande wa askofu. Sijawahi kujaribu kumgeuza. Ninachobishana naye ni kitu kingine: kina mama wenzake wa kanisani wakimuuliza habari zangu, huwaambia niko atachimenti. Ni mwaka wa pili sasa niko atachimenti.

Neno lenyewe nimelifikiria, kwa sababu ni lile lile la ile oda. Mpito. Kana kwamba kuna steji uliyotoka na steji unayokwenda, na wewe hapo katikati ni nusu tu, gari limekuangusha. Lakini aliyeitwa kiumbe cha mpito alikuwa mnyama wa zaidi ya mita mbili, mwenye meno, mwindaji, pengine tishio la kijito chake chote. Jina la mpito tumempa sisi, miaka milioni 375 baadaye, tukiwa tunajua gari lilikwenda wapi.

Kuna jambo la mito ambalo sikulijua mpaka nilipofungua ramani, na limenifanya niangalie maji machafu ya huku kwa macho mengine. Mto Chania unaungana na Thika, pale mjini karibu na maporomoko ambayo watu huenda kupigia picha za harusi. Mto Thika unaingia Tana, na Tana unapita Garissa mpaka delta yake baharini. Katika vinamasi vya pwani ile anaishi kamongo mdogo, jamii tofauti na ya Ziwa Victoria, asiyefika nusu mita. Mto Ruiru nao unaelekea upande mwingine: unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwaga matope yake mekundu kaskazini mwa Malindi. Nje ya Malindi, mwaka 2001, meli ya uvuvi ilivuta wavu ikakuta silikanti.

Silikanti ndiye maarufu wa familia. Walidhani alikufa na dinosari, pale kabla ya Juja, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mlinzi wa jumba dogo la makumbusho huko East London, Afrika Kusini, alipomwona kwenye rundo la samaki wa meli. Wa pili alichukua miaka 14 kupatikana, Komoro. Baadaye wavuvi wa Tanga waliwanasa wengi kwenye majarife, na Tanzania ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Mapezi yake yana nyama na mifupa, anayapeleka kwa zamu kama miguu, ndiyo maana kwa muda mrefu yeye ndiye aliyepewa heshima ya kuwa jamaa yetu wa karibu. Kamongo hakuwahi kupewa hifadhi wala stempu nyingi. Alikuwa kwenye karai, anakaangwa, na jenomu ikaja kusema ni yeye.

Jumapili moja nilibeba vipande vinne kutoka Ruiru mpaka Thika kwenye mfuko, matatu nzima ikinusa. Mathe alikulia nyumba ambayo samaki hakuingia jikoni. Alianza kula ngege akiwa ameshaolewa. Alifungua mfuko akarudi nyuma.

"Baba, hii ni nyoka."

"Ni samaki, Mami. Ana mapafu."

Alipasha moto, akaweka nyanya na dania nyingi kuliko kawaida, akatoa ugali. Nikamweleza kuhusu tundu la hewa kwenye matope, na kwamba anaweza kulala humo mwaka mzima na zaidi. Hilo lilimpendeza, alisema Mungu ni fundi. Akaonja upande mmoja.

"Kwa hivyo alikuwa na mapafu."

"Mawili."

"Na bado akabaki majini."

"Alibaki."

"Kwa nini?"

"Konokono wako huko," nikamwambia. "Anapenda sana konokono."

Alitafuna kidogo, akaangalia dirishani, kisha akauliza kama kuna kipande kingine kisicho na ngozi.